Nailoni ya Agapiti

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kambarage mjini Shinyanga. Agapiti Ndaki amepiga magoti ndani ya bafu lisilo na ukuta. Mbele yake imesimama fremu ya mbao tupu, naye anaigonga nguzo moja moja kwa mpini wa nyundo, sikio kalitega. Akifika ya mwisho anarudi ya kwanza. Hii ni mara ya tatu.

"Mbao ni kavu," anasema, kana kwamba kuna aliyembishia.

Hakuna aliyembishia. Upande wa pili wa fremu, Bibi Philomena amelala chali, kama alivyolala miezi mitano sasa, na kila pigo analisikia.

Agapiti ana miaka 51, mzaliwa wa Ushirombo. Kazi ya mabafu ameifanya miaka tisa. Kabla ya hapo alikuwa Mwakitolyo kwenye mialo ya dhahabu, akichimba na kutandika yale mabwawa ya kuoshea mchanga, ambayo huwekwa nailoni nyeusi ili maji yasinywewe na ardhi. "Bwawa langu lilikuwa halipotezi hata kikombe," anasema. Ujuzi wake ulizaliwa huko, na balaa lake pia.

Miaka miwili iliyopita Nestory, mwana wa Bibi Philomena, alichoka kuona mama yake akitoka nje kwenda kuoga mvua ikinyesha. Akaamua kukata kona ya chumba cha mama iwe bafu. Ukuta wa matofali ungeipasua sakafu, kwa hiyo Agapiti, fundi aliyemwita, akashauri fremu ya mbao na bodi.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Nguzo zisimame wima kwa pima maji. Ubao wa mlalo uongezwe pale litakapofungwa bomba la kushikia. Ije bodi ya saruji, viungo vyake vizibwe, kisha ipakwe dawa ya kuzuia maji, ile inayokauka ikawa kama mpira. Marumaru ndiyo mwisho. Mbao zenyewe huachwa wazi kwa nyuma zipate hewa.

Agapiti alifanya yote hayo, akaongeza na lake. Aliifunga fremu nzima kwa nailoni, mbele na nyuma.

"Niliwaza kama mtu wa mwalo," anasema. "Nikasema maji yakipenya dawa, nailoni itayadaka. Na kweli iliyadaka. Tena haikuyaachia."

Maji yaliingia polepole kwenye matundu ya skrubu za bomba, yakafika kwenye mbao, yakakosa pa kutokea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maskini Agapiti, yeye aliziba, tena pande zote mbili, na ukuta anaujenga vilevile.

Kwa nje marumaru ziling'aa. Majirani walikuja kutazama, wakalisifia "bafu la nailoni", na kazi zikamiminika hadi mabafu matatu kwa mwezi. Kwa jumla aliyafunga nailoni mabafu kumi na moja.

Jumapili moja kabla ya misa, Bibi Philomena, mwenye miaka 74, alikuwa anaoga. Alishika bomba ili ainuke kwenye kigoda. Bomba likang'oka na kipande cha ukuta, naye akaangukia nyonga.

"Nilimkuta chini, bomba bado kalishika mkononi," anasimulia Vumilia, mkaza mwana wake. Hospitali walisema mfupa umekaa vibaya, na kwa umri wake asitarajiwe kusimama.

Siku ya pili Agapiti alikuja na kung'oa marumaru moja tu. Maji yakatiririka. Nguzo ilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Vumilia anasema fundi alikaa kwenye maji yale akalia mpaka mchana, na yeye mwenyewe halikani hilo.

"Lile bomba hakuliomba," anasema. "Nililiweka mimi. Nilimwambia, Mama Nestory, shika hapa, hapa huwezi kuanguka."

Hakuna aliyemtukana. Nestory alimpigia simu akamwambia ni mipango ya Mungu. Hilo ndilo lililommaliza. "Ningetukanwa, labda ningepata usingizi," anasema.

Akaanza kuzunguka kwenye yale mabafu kumi mengine, akiwaomba wenyewe aufungue ukuta. Watatu walikubali, na kwa wote watatu mbao zilikuwa zimeoza. Saba walimfukuza. Mmoja wao, Marselino, mwenye nyumba ya wageni, anasema hadharani kwamba fundi amechanganyikiwa. "Ukuta wangu unang'aa, halafu mtu anataka kuubomoa bure. Nimwambie nini mteja?"

Habari zilisambaa, na tangu siku ile hajaitwa kwenye kazi mpya hata moja. Bodi na dawa za ukuta huu zimetoka kwenye ng'ombe wake wa mwisho.

Siku ya sita ya kazi ukuta umekamilika. Safari hii hakuna nailoni, na skrubu za bomba zimezibwa kwa dawa kila moja. Agapiti analishika bomba kwa mikono miwili, anakunja miguu, ananing'inia. Linatulia. Anamwomba Vumilia naye aning'inie. Linatulia vilevile.

Anaingia chumbani. "Shikamoo, Mama Nestory."

"Marahaba, baba."

"Ukuta umekwisha. Naomba uje uuone."

Wanambeba kwenye kiti, yeye na Vumilia, hadi bafuni. Bibi anapitisha kiganja juu ya marumaru taratibu. "Pazuri," anasema.

"Shika na bomba, mama. Sasa ni imara."

Bibi Philomena analitazama bomba kwa muda mrefu, kisha anairudisha mikono yake chini ya khanga. "Baba, hata ile siku uliniambia hivyohivyo."

Wanamrudisha kitandani. Agapiti anabaki bafuni peke yake. Anapoulizwa sasa ana mpango gani, anajibu kwamba tumaini lake ni dogo sana. "Alishike bomba siku moja tu. Hata kwa kidole. Mengine sina."

Halafu anachukua nyundo na kuanza kugonga tena, ukuta ambao ameujenga mwenyewe, kuanzia kona hadi kona.

"Agapiti," Bibi anaita kutoka chumbani. Sauti yake ni ndogo, ila inafika. "Acha kunigongea mimi. Mimi nilishaanguka. Nenda kawagongee wale saba."

Mkono wa Agapiti unasimama hewani. Anaifuta nyundo kwa pindo la shati na kuitia kwenye mfuko, kisha anatoka kuelekea kwa Marselino.