Kompyuta Yenye Cheti, Siku ya Mazishi ya Mzee Geresoni

Atuganile, binti wa dada yangu, ana duka la kuchapa nyaraka karibu na stendi ya Tukuyu. Kinachompa wateja wengi ni ratiba za mazishi. Zamani mzee mmoja alisimama akasema nani aanze, na tukazikana vizuri. Siku hizi bila karatasi yenye picha ya marehemu, hakuna anayejua aimbe au alie.

Flashi za wateja ziliwahi kumletea virusi vilivyofuta kazi ya wiki nzima. Akahamia Linux, programu ya bure ambayo virusi vile haviiwezi.

Alhamisi asubuhi kompyuta yake ilizimika moja kwa moja. Ratiba ya Mzee Geresoni wa Mpuguso, nakala mia mbili, ilitakiwa saa tisa alasiri ileile. Tukakimbilia kwa Lukasi, muuza kompyuta zilizotumika, naye akatoa moja inayong'aa.

"Kompyuta ni kompyuta, dada."

Mimi nilikubaliana naye. Atuganile akafungua simu, akatafuta orodha ya kompyuta zilizopimwa na kupewa cheti kwamba Linux inafanya kazi humo. Ile inayong'aa haikuwamo. Pale kwa Lukasi iliyokuwamo ni moja tu, imechubuka kona zote.

Nikamwambia mjini hapa wenye vyeti wamejaa, na kukaza boliti hawajui.

"Mjomba, hao wamepima kabla yangu, wakaandika mpaka kifaa cha Wi-Fi kilichomo. Nianze kubahatisha leo, Mzee Geresoni akiwa amelala sebuleni?"

Akachomeka flashi yenye Linux kwenye ile iliyochubuka, ikawaka vizuri, ila Wi-Fi hakuna, na printa yake ya dukani hupokea kazi kwa Wi-Fi tu. Hakuilaumu Linux. Alimwomba Lukasi afungue mfuniko, akalinganisha na orodha: kifaa cha Wi-Fi kilikuwa kingine. Lukasi akakiri kwamba kile cha asili alikitoa kumtengenezea mteja. Akakitafuta kwenye droo, akakirudisha, na Wi-Fi ikashika.

Nilifurahi, sifichi. Enzi zetu hukuchukua ng'ombe kwa sifa za mwenyewe. Alikamuliwa mbele yako, ukaona maziwa. Nilidhani wamebaki watu wa kuamini maneno tu.

Tukarudi nayo dukani, na saa nane na nusu nakala zilikuwa ndani ya boksi, bado za moto, na bodaboda anasubiri kuzipeleka Mpuguso. Nikachomoa moja. Humo nimepewa dakika tatu kumwelezea mtu niliyemjua miaka sitini.