Mikono Juu Bertrams

Mwaka 2017, chama tawala kilipokuwa kinajiandaa kumchagua kiongozi wake, Bertrams nzima, mtaa wetu hapa Johannesburg, ilijua kwamba atakayepita huko ndiye atakayekuja kuwa rais. Mimi kura sikuwa nayo, Mtanga wa watu, lakini magauni ya chama ya akina mama wa tawi letu nilishona mimi, chumbani kwangu.

Mwanangu alikuwa mwanachama. Baba yake, Mzulu wa hapa hapa, alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, akamwachia jina la ukoo na uraia. Kiswahili mwanangu anakisikia chote, ila akijibu anajibu Kizulu. Alipochukua kadi ya chama nilifurahi. Niliona angalau mmoja ndani ya nyumba hii atakuwa na sauti.

Jumamosi moja akina mama walikuja kupima. Mwenyekiti wa tawi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyelala kwangu siku zote za msiba wa mume wangu, alisimama mbele ya kioo huku nikimbana gauni kiunoni kwa pini. Wenzake walikuwa wanabishana. Mmoja alimtaka yule mgombea tajiri, eti mwenye chake haibi. Mwingine alisema zamu ya mwanamke imefika.

"Bishaneni tu," mwenyekiti akasema. "Mimi nimepita nyumba kwa nyumba. Watu hawaulizi mwanamke wala tajiri. Wanauliza nani atawaondoa makwerekwere na viduka vyao vya spaza."

Wote wakaitikia. Kisha wakakumbuka kwamba na mimi ni kwerekwere, mgeni wa kuja, wakanigeukia.

"Siyo wewe, mama," akanishika bega. "Wewe ni wetu."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikachomoa moja, nikaendelea kumbana kiunoni.

Mkutano wa tawi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Asubuhi ile mwenyekiti aliniita mbio, zipu ya gauni lake imeachia. Nikaenda na sindano, nikamtengenezea kwenye kachumba cha pembeni, halafu nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Hakuna aliyenifukuza.

Walipiga kura ya kumpendekeza mgombea, na yule mgombea mwanamke akapita. Nikapiga makofi na mimi. Ndipo mwenyekiti akasema wajumbe watakaokwenda mkutano mkuu wasiende mikono mitupu, wapeleke na kilio cha mtaa: maduka ya wageni yafungwe. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ikajaa ukumbi. Mwanangu alikuwa safu za katikati. Wake ulichelewa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaunyoosha. Kisha akageuka nyuma, tukaonana. Hakuushusha.

Alinikuta nyumbani jikoni.

"Mama, mimi nikikaa tu, wao wataniangalia," alisema, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Wataona nini?"

"Kwamba mimi mtoto wa kwerekwere."

"Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Akavuta kiti, akakaa. Nikampakulia. Yeye alikula, mimi nikarudi kwenye cherehani.

Mgombea wao alishindwa huko mkutano mkuu, tena na yule tajiri. Lakini kile kilio hakikungoja kiongozi. Miezi michache baadaye, mchana kweupe, vijana walivunja spaza ya Mrundi wa pale kwenye kona. Wakabeba unga, mafuta, mpaka friji. Walipokwisha wakaja upande wetu. Nilijifungia, nikawa nasikia viatu vyao uani.

Aliyewazuia alikuwa mwenyekiti. Alisimama mlangoni kwangu, akawafokea kwa majina ya mama zao: "Hapa hapaguswi! Huyu fundi wangu!" Wakaondoka. Nikafungua mlango, nikamshika mikono miwili, nikamshukuru. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine: kwamba nilimshukuru, na shukrani ilitoka moyoni. Yeye aliipokea kama haki yake, akaniuliza kama sketi yake iko tayari.

Yule Mrundi alihamia kwa nduguze mtaa wa Observatory. Hakuniaga, na simlaumu. Vioo vya duka lake vilibaki pale barabarani, watoto wakivipita wakienda shule.

Mwanangu sasa anafanya kazi ofisini Midrand, amepanga huko. Kabla ya uchaguzi wa 2019 alinipigia simu akaniuliza, kwa Kizulu, ampe nani kura. Nikamwambia hilo analijua mwenyewe. Nikamuuliza kama baridi imeshaanza huko, na kama blanketi alilonalo linatosha.