Pumzi ya Sinki la Verediana

Verediana hakulia mume wake alipofariki, na Mafinga nzima ililisema jambo hilo. Mimi Lea, jirani yake wa uzio mmoja, niliwajibu kwa ukali: machozi ni yake, nyinyi yanawahusu nini? Ila moyoni lilinisumbua hata mimi.

Mumewe, Clement, alikuwa seremala, kifua kimeharibiwa na vumbi la mbao. Kazi yake ya mwisho ilikuwa jiko la ndani lenye sinki, kwa sababu mkewe alikuwa ameosha vyombo nje kwenye baridi miaka yote ya ndoa yao. Alilimaliza huku akikohoa, na hakuchukua muda akafa. Tulipotoka kumzika, Verediana aliingia kuosha vikombe vya waombolezaji. Maji yalipokaribia kuisha, sinki likakoroma, likavuta pumzi ndefu, likanyamaza. Alikuwa Clement kabisa, vile alivyopumua kitandani.

"Kamwene, baba Goodness," Verediana akalisalimia. "Nilijua hujaenda mbali."

Tangu hapo hakuwa mjane. Alipika chakula cha watu wawili. Kila asubuhi alimwaga maji, akangoja lile koromo, akaanza kusimulia habari za mahindi na nani kaoa. Jiko lilinuka maji machafu, yeye wala hakujali. Alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyoniogopesha.

Goodness, binti yao wa pekee anayeishi Mbeya, alikuja na mwanawe mchanga, aliyepewa jina la babu yake, Clement. Alisikia koromo, akamwona mama yake analichekea, akamfunga mtoto mgongoni papo hapo.

"Mama, mwanangu hakanyagi tena hapa mpaka hiyo kitu inyamaze."

Mjukuu mwenyewe ni huyo mmoja tu. Verediana alinyong'onyea, kikapita kipindi hata mahindi yake hayaangalii. Mwishoni alikuja kwenye uzio.

"Nitafutie fundi," akasema, bila kunitazama.

Nikamleta Asukile, Mnyakyusa mwenye maneno mengi kuliko spana zake. Akamwaga maji, akasikiliza, akacheka.

"Hii bomba haipumui, mama. Maji ikishuka inakosa hewa, basi inavuta ya kwenye sinki. Tunaweka bomba ya hewa mpaka juu ya bati, kwisha habari."

Akaegemeza ngazi nje ukutani. Alishuka na kizibo cha paini, kimechongwa vizuri na kuviringishiwa kipande cha sweta. Bomba la hewa lilikuwepo, fupi, chini ya paa. Mtu alikuwa ameliziba.

Verediana alikipokea kwa mikono miwili. Sweta lilikuwa la marehemu.

"Nililalamika upepo unapiga mluzi humo," akasema polepole. "Nikamwambia baridi yenu ya Mafinga inanifuata mpaka jikoni. Kumbe alipanda na kifua kile."

Asukile akaacha kucheka. "Niendelee, mama? Au nikirudishe?"

Nilimhurumia Verediana hadi nikashindwa kumwangalia. Alikishika kizibo, akakinusa.

"Weka hilo bomba," akasema.

Asukile akaunganisha bomba refu hadi juu ya bati, akalivika kofia lisipige mluzi. Akamwaga ndoo nzima. Maji yakashuka kimya. Akamwaga nyingine. Kimya.

"Kamwene," Verediana akasema. Akangoja. "Kamwene, baba Goodness."

Halafu akapiga yowe. Wanawake wa mtaa mzima walikuja mbio, khanga viunoni, wengine na unga na kuni, maana yowe la namna ile tunalijua wote. Hakuna aliyeuliza kitu. Tulitandika mkeka, tukamweka katikati, wenye nyimbo wakaanza. Alilia mpaka sauti ikakauka, kizibo kikiwa kifuani.

Nilikuwa nimempigia Goodness simu kwamba sinki limetengenezwa, aje. Kesho yake alifika, mtoto mgongoni, akakuta uani moto unawaka na wanawake tumekaa chini. Begi likamponyoka.

"Mama mdogo, nani amefariki?"

"Baba yako," nikamjibu. "Ingia umpe mama yako mtoto."