Robota la Gemu

Mdoe alimpiga Zamda kofi la kwanza kabla hina ya harusi haijafutika mikononi, na tangu siku hiyo hakupumzika. Alimpiga kwa mkanda, kwa kandambili, kwa mwiko wa ugali, na mara moja kwa ubao wa kitanda, kitanda ambacho Zamda mwenyewe alikinunua kwa jasho lake la kiwandani. Majirani wa kambi ya mkonge ya Ngombezi walizoea. Wakisikia vurugu, waliongeza sauti ya redio. Maneno mazuri ya kumsema mwanamume huyo hayapo, basi tusipoteze muda kuyatafuta.

Na kupiga tu hakukumtosha. Kila alichopata Zamda, Mdoe alikibeba kukipeleka Kerenge kwa mke mdogo. Ilianza baiskeli. Ikafuata cherehani, ambayo Zamda aliing'ang'ania mpaka Mdoe akamvunja kidole cha shahada ili aiachie. Kidole kile hakikunyooka tena.

Zikaja zama za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Mkonge ukapata wenyewe wapya na watu wakapunguzwa, Zamda akiwemo. Kazi yake ilikuwa kwenye marobota: kushindilia singa, zile nyuzi za mkonge, mpaka zigeuke kama jiwe, kisha kuzifunga kwa mikanda ya bati. Akahamia Korogwe mjini, akapanga chumba karibu na stendi. Kaka yake aliyekuwa akichuuza mitumba Dar akamletea televisheni kuukuu na mashine ya gemu, zile za kuchomeka kaseti. Mdoe naye akafuata nyuma kama kupe.

Vijana walijaa, wakilipia kila mchezo. Makuli, matingo, wauza karanga. Gemu walilolipenda lilikuwa la ngumi, watu wawili wanatwangana kwenye kioo mpaka mmoja alale, na haikuchukua muda ngumi zikatoka kwenye kioo zikaingia chumbani. Hapakupita siku bila mdomo kupasuka. Zamda alilinda amani kwa ubapa wa panga, akichapa migongo bila kubagua dini wala kabila.

Balaa lilikuja siku Jabiri, utingo wa lori la mbao, pande la mtu, alipofungwa kwenye gemu na muuza karanga mwembamba ambaye hata shati lilimpwaya. Watu walicheka. Jabiri akainua mashine juu ya kichwa, akaibamiza sakafuni, kisha akamshika muuza karanga na kumgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango. Zamda alimshukia kwa ubapa wa panga, akamcharaza mgongo na mapaja mpaka jitu zima likaangukia mtaroni.

Akarudi ndani, akapiga magoti kuokota vipande. Plastiki ilikuwa imesagika. Lakini ubao wa kijani wa ndani, unaobeba mitambo yote, alipouchomeka, uliwaka. Zamda alilia kwa hasira na kwa furaha kwa pamoja.

Mdoe alikuwa amesimama mlangoni anachokonoa meno. "Huwezi kutunza kitu wewe," alisema. "Nitakuja kuichukua niipeleke Kerenge. Wanangu kule wanaihitaji."

Akaondoka. Zamda akabaki ameukumbatia ule ubao kifuani. Baiskeli imekwenda, cherehani imekwenda. Hii ikienda, hana tena cha kumlisha wala cha kumfanya aitwe mtu.

Kesho yake Jabiri akaja anachechemea, mbao za mninga begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuvunja na televisheni?"

"Nimekuja kuomba radhi. Hizi ni mbao zilizobaki kwenye lori."

Zamda hakuwahi kufunzwa useremala, ila robota alilijua. Aliupima ule ubao wa kijani kwa uzi, akakata mninga kwa msumeno wa kuazima, akapigilia kuta nene, na pembe zote akazikaza kwa mikanda ya bati aliyotoka nayo Ngombezi. Ndani alishindilia singa za huko huko, juu, chini na pembeni. Robota lililoshindiliwa vizuri hata likidondoka kwenye behewa halina neno. Akaacha nafasi ya kaseti na ya waya za pedi za kuchezea, akasokota kamba ya mkonge ikawa mkono wa kubebea.

Wakacheza. Muda si mrefu picha ikaanza kutetemeka, na chumba kikanuka moshi. Zamda alichomoa waya, akafumua kifuniko. Singa zilikuwa zimeanza kuwa kahawia.

Mashavu, mama ntilie wa jirani, akachungulia. "Umeipalia kama wali, mwenzangu. Mashine inataka kupumua."

Zamda alijiona mjinga, akacheka. Akazitoa singa za juu, akaziacha za chini na za pembeni, kisha akatoboa kifuniko kizima kwa msumari wa moto. Alipomaliza alimwita Jabiri.

"Linyanyue sanduku hili mpaka kifuani. Liachie."

"Mama, litavunjika."

"Liachie nimesema."

Likadunda, wakachomeka, likacheza. Vijana wakalibatiza Robota.

Mdoe alikuja siku moja mchana, gunia kwapani. Hakusalimia. Zamda alipojiweka mbele ya meza ya Robota, alipokea kofi, kisha teke la mbavu lililomlaza chini. Mashujaa wa gemu walisimama wameshika pedi zao, wale wale wanaopasuana vichwa kwa ajili ya katuni. "Mambo ya mke na mume hayo," mmoja alinong'ona. Jabiri aliangalia miguu yake.

Mdoe akachomoa waya, akalibeba sanduku, akashangaa uzito wake. Akaliweka sakafuni ili avue mkanda, maana alitaka kumwachia Zamda kumbukumbu kabla ya safari. Hapo ndipo alipokosea.

Zamda alishika ile kamba kwa mikono miwili, hata kwa kile kidole kilichopinda, akalizungusha Robota kwa nguvu zote za kiwandani. Lilimpata Mdoe kwenye taya. Akagonga ukuta, akateleza mpaka chini, mkono wake wa kulia umetandazwa sakafuni. Zamda aliutazama mkono ule. Akaliinua sanduku, akalishusha juu ya vidole, navyo vikalia kama kuni kavu.

"Hiyo ni ya cherehani," alisema.

Mdoe alitambaa mpaka nje, anatema damu na jino. "Umeniua, mwanamke."

"Hujafa. Nenda Kerenge ukaugulie."

Akaenda, na hakukanyaga tena pale. Zamda akalirudisha Robota mezani. Aliogopa jinsi alivyofurahi.

"Jabiri," alisema, "chomeka."

Picha ikaja safi. Sanduku halikuwa na hata ufa, ila damu ilikuwa imetapakaa kwenye mninga. Jabiri akachukua kitambaa, akanyanyua mkono, na papo hapo Zamda akajikunja, kiwiko mbele ya uso, macho ameyafumba.



"Nafuta damu tu, mama," Jabiri alisema.

 Zamda akashusha mkono taratibu, akamwambia afute vizuri kwenye matundu.