Magunia yalikuwa ya samadi: ukweli kuhusu nyasi za "Bwana Sukari" wa Morogoro

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kwa walionizidi umri, kama wapo humu, shikamoo.

Mimi si mwandishi wa mara kwa mara. Huwa nasoma na kuondoka. Leo nimelazimika kuandika, na nitaandika yale tu niliyoyaona kwa macho yangu, kwa mpangilio wake.

Wiki iliyopita, katika uzi wa bustani za nyumbani, mwanajukwaa mmoja aliwachekesha watu kwa kisa cha "Bwana Sukari wa Morogoro", ofisa wa serikali aliyefukia sukari chini ya nyasi zake enzi za Ujamaa. Anasema alisimuliwa na bibi yake. Mkacheka sana.

Bwana Sukari ni mimi. Sukari haikuwepo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mkuu wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Morogoro. Nilipewa nyumba upande wa mlimani, pale miteremko ya Uluguru inapoanzia. Mbele ya nyumba palikuwa na ukoka uliochoka kabisa. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa kwa miguu ya miaka mingi hata maji ya mvua yakawa yanapita juu yake kama juu ya sakafu, yakaishia barazani kwa jirani.

Nyasi za namna hiyo hazitibiwi kwa kumwagilia tu.

Unazikata fupi. Unachanganya mchanga wa mto, udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, unachekecha, kisha unatandaza tabaka jembamba. Unasawazisha kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zichungulie. Udongo mpya unashuka taratibu na kuulainisha ule wa zamani. Vijana mnaita top dressing, na mnadhani imeletwa na intaneti.

Ilifaa pia nitoboe ardhi kwanza kwa uma wa bustani. Madukani hapakuwa na uma. Hapakuwa na vitu vingi.

Mchanga nilichota mtoni. Samadi ya mbuzi niliagiza Mgeta, huko juu milimani, kupitia kwa Kobelo, dereva wa lori la kabichi, Mluguru mmoja asiyejua kunong'ona. Jioni moja, akiwa njiani kuelekea Dar, alinishushia magunia sita mlangoni.

"Mzee, mzigo wako huo!" akapaza sauti hadi mtaa wa pili. "Ufiche vizuri, wasije wakakumalizia!"

Ulikuwa utani. Ndio ulioniponza.

Kwa msiokuwepo: sukari, sabuni na mafuta ya kula vilikuwa vya foleni, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Wapo waliokuwa wakifukia bidhaa uani. Ukikutwa na mali isiyo na maelezo, kazi imekwenda na wewe umekwenda. Mimi nilikuwa na watoto wanne, na nyumba haikuwa yangu.

Siku iliyofuata, Jumamosi, nilitoka kazini, nikachekecha na kutandaza. Magunia matupu nikayakunja, nikayaweka stoo.

Mtaa ukafanya hesabu zake. Jana yameingia magunia. Leo magunia hayaonekani, na uwanja mzima una udongo mpya.

Jumapili tunarudi kanisani, namkuta balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, amesimama mbele ya nyumba yangu na mgambo wanne wenye nondo na majembe.

"Bwana Masjala, habari za ibada?"

"Njema, Mzee. Kulikoni?"

"Tumekuja kukutembelea. Hapo chini umelaza nini?"

"Samadi."

"Magunia sita ya samadi kwa ajili ya majani? Unafuga ng'ombe wangapi?"

"Sifugi ng'ombe."

"Sasa majani hayo unamlisha nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaenda stoo, nikamletea gunia moja alinuse. Akageuza uso, akasema yeye hakuja kunusa.

Wakaanza kutoboa. Hawakuacha nafasi ya kuweka sahani. Nondo inazama, inachomolewa, wanakagua ncha kama ina chembe za sukari, wanasogea.

"Toboeni na pale, pamevimba!" akaelekeza Mama Tatu, jirani yetu wa mkono wa kushoto, yule yule aliyekuwa akilalamikia maji barazani kwake.

Alikuwa ameshika bakuli. Nyuma yake walikuwapo wengine, nao wana mabakuli.

Foleni, wakuu! Foleni mbele ya mlango wangu, kusubiri sukari yangu!

"Mama Tatu, hata wewe?" mke wangu akamuuliza.

"Shoga, usinikasirikie. Ikitoka itagawiwa kwa bei ya serikali. Nikae ndani kwa kuona haya, watoto wanywe uji mkavu?"

Asubuhi ile chai ya nyumbani kwangu ilikuwa haina sukari. Mke wangu alimwambia. Mama Tatu akaangalia pembeni, lakini foleni hakutoka.

Walichimba pia mashimo mawili kwa majembe. Wakapata sufuria kuukuu isiyo na kitako. Balozi akaichukua kama kidhibiti. Haijarudi hadi leo.

"Mzee, hakuna kitu," mgambo mmoja akasema.

Hapo ndipo Mzee Kibwana alipotamka, mbele ya foleni nzima: "Basi ameshaihamisha."

Akaondoka. Hakuomba radhi, wala hakuagiza mashimo yafukiwe. Nilifukia mwenyewe, nikiwa bado na suti ya kanisani.

Kuanzia siku ile nikawa Bwana Sukari. Sokoni, ofisini, hata watoto wangu shuleni. Nafasi ya kupandishwa cheo ilipofika, mkubwa wangu aliniambia kwa upole, "Jina lako linasemwasemwa. Tusubiri kidogo." Nilisubiri mpaka nikastaafu.

Sasa sikilizeni kituko. Mvua zilipoanza, mchanga na samadi vilishuka ndani ya matundu yale ya nondo, maji yakazama badala ya kukimbia, na ukoka ukafunga kama zulia. Baraza la Mama Tatu likakauka. Kazi ya uma nisioupata ilikuwa imefanywa na mgambo.

Mzee Kibwana akaja na wageni wake. "Haya ni matunda ya msako wetu," akawaambia, bila hata kutabasamu. Kisha akaniomba vipandikizi vya ukoka kwa ajili ya nyumba yake.

Nikamwambia atapata, kwa sharti moja: asimame kwenye mkutano wa mtaa aseme magunia yale yalikuwa ya samadi.

"Mbele ya watu? Bwana Masjala, watanicheka."

"Mimi wananicheka kila siku, Mzee."

Aliondoka mikono mitupu. Uwanja wake ulibaki vumbi mpaka anahama.

Funzo langu ni fupi. Toboeni ardhi kabla ya kutandaza udongo, na magunia yafungulieni hadharani, majirani wanuse mapema. Jina likishachafuliwa halina samadi ya kulirudishia rangi.

Wenye uzoefu wa nyasi, au wa msako ule, karibuni mchangie. Nitajibu kila mmoja kwa adabu.

Na wewe mwanajukwaa uliyeanzisha kicheko, umeandika kwamba bibi yako yu hai na aliishi mtaa ule. Mfikishie shikamoo yangu. Muulize jambo moja tu: siku ile, bakuli lake lilirudi nyumbani na nini?

Kisha uje uandike jibu lake hapa, chini ya uzi huu.