Kifungua Mimba wa Bwera

Barua ya kumfukuza kazi mama wa Bwera niliibeba mimi mwenyewe, kwenye mfuko wa koti, juu ya pikipiki ya ofisi. Na iliandikwa kwa sababu yangu. Miaka ile nilikuwa fundi wa kompyuta wa chama cha wakulima wa kahawa, makao makuu Kasese mjini, tawi Bwera karibu na mpaka. Majuma sita mfululizo orodha za wakulima wa Bwera hazikuonekana Kasese. Mkuu wetu, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita afande, akaniuliza: mtandao au mtu? Nikaandika ripoti ya mstari mmoja: mtandao ni mzima, shida ni mtu. Nikatia sahihi. Jamani, ujana na kujiona!

Huyo mtu alikuwa karani pekee wa tawi, mama wa makamo, Mkonzo, kabila la wenyeji wa huko, mwenye kucheka kwa mabega. Baba yangu alitoka Kenya kuchimba shaba Kilembe, kwa hiyo mama huyu aliniita mutoto ya Kilembe, na mbele ya wageni alinitambulisha kama mwanawe. Nilimpenda. Hilo ndilo linalonifanya niandike haya.

Mwanzoni mwa majuma hayo sita nilikuwa nimempigia simu. "Mama, ukituma orodha, achana na ile namba ndefu ya kompyuta ya Kasese. Sasa andika jina lake tu."

Akaandika. "Inajibu?" nikauliza.

"Iko inajibu, tena mbio!"

Nikakata simu, nimeridhika kabisa.

Sasa, hilo jina. Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: vifungua mimba wote wa kiume huitwa jina moja, wanaowafuata jingine, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Ukiita jina la kifungua mimba sokoni Bwera, nusu ya wanaume watageuka. Wenzangu wa Kasese walikataa majina yangu ya herufi na tarakimu, wakaipa kompyuta kubwa, ile inayohifadhi faili zetu zote, jina la kifungua mimba. Lilinifurahisha, nikaliacha.

Siku ile ya barua nilipita Kikorongo, kisha Kisinga, vumbi limenijaa kooni, nikiwaza nitaanzaje. Mama alinipokea mlangoni. "Karibu, mutoto ya Kilembe. Mbona leo unakuja na uso ya polisi?"

Sikuweza kuitoa ile barua. Nikasema wacha nikague mashine kwanza, kwa kuchelewesha tu. Nikakaa kwenye kompyuta yake, nikaandika lile jina, nikaipigia hodi kompyuta ya Kasese. Jibu likarudi kabla sijainua kidole.

Nikashtuka. Jibu la Kasese hupita mnara hadi mnara, lazima likawie kidogo. Hili lilitoka karibu mno. Nikatazama namba iliyokuja nalo: ni namba ya Bwera, ya humu humu ndani.

"Mama, kuna nani mwingine hapa mwenye jina hili?"

Akaonyesha kompyuta kuukuu pembeni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. "Si huyu? Ndiye alifika hapa wa kwanza, nikamuandika hiyo jina ndani yake. Wa kwanza angeitwa nani tena?"

Nikaipiga meza ngumi mpaka akaruka. Orodha ya majina ya kompyuta zetu iko Kasese, na kompyuta za Bwera sikuwahi kuziambia ziende kuiuliza. Kompyuta isiyo na pa kuuliza huita jina kwa sauti humo chumbani, na ruta, kile kisanduku kinachounganisha ofisi mbili, hairuhusu wito huo kuvuka. Kwa hiyo Bwera iliita kifungua mimba, na kifungua mimba wa nyumbani akaitika. Nami sikuuliza ni nani aliyeitika.

Nikaifungua ile kuukuu. Orodha za wakulima zilikuwemo zote, siku kwa siku, kijiji kwa kijiji, hata za siku alizoumwa malaria. Nikazielekeza kompyuta za Bwera ziiulize orodha ya Kasese, kompyuta kubwa ya huko nikaiongezea jina la mji zisichanganywe tena, nikahamisha faili. Kazi ya saa moja.

Halafu nikampigia afande, mama akisikia. "Afande, orodha zote zipo. Mtu wa kosa ni mimi."

"Chana barua," afande akasema. "Na uje ofisini kwangu kesho asubuhi."

"Barua gani?" mama akauliza.

Nikampa. Aliisoma polepole, kisha akafunua ukurasa uliobanwa nyuma, ripoti yangu. Barua akaichana mwenyewe vipande vinne. Ripoti akabaki nayo mkononi.

"Hapa umeandika shida ni mutu. Huyu mutu, ulikuwa unamujua?"

"Namjua, mama."

"Miaka yote hii unamujua. Sasa ukauliza mashini, mimi hukuniuliza?"

Machozi yalinitoka, mtu mzima na ndevu zangu. "Nisamehe, mama."

Akanivutia kiti, akaniwekea karatasi mpya na kalamu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini andika ripoti ingine. Na hii ya kwanza nitaiweka, siku nikikusifu mbele ya watu nisisahau kusema na hii."