Spoki Nne za Wimbo wa Bibi

Mwezi uliopita nilipita Nkoma nikielekea Bariadi kwenye harusi. Nje ya ghala moja pamba mbichi ilikuwa imemwagwa juu ya turubai, na harufu yake ikanirudisha uani kwa bibi kabla sijapata hata wa kumsimulia. Basi nakusimulia wewe.

Gitaa langu la kwanza alinitengenezea mjomba, fundi baiskeli. Tumbo lilikuwa galoni la bati la mafuta ya kula, uzi ulikuwa waya wa breki. Kazi ilikuwa shingoni. Alimwomba bibi aimbe wimbo wake wa kuchambulia pamba, naye akawa anasogeza kipande cha spoki chini ya waya kidogo kidogo mpaka waya ulie kama bibi. "Hapo!" bibi alisema, mikono yake ikiendelea kutenga pamba safi na fifi, ile chafu. Mjomba akakaza kwa mpira wa baiskeli, wakahamia sauti nyingine. Ziliishia spoki nne, na uzi ukiachwa wazi ukawa sauti ya tano. Mimi niliyefundishwa do-re-mi kanisani nikajiona nimepunjwa, nikadai zilizobaki.

"Hizo nyingine ni za kanisani," mjomba akacheka. "Bibi yako hana kazi nazo."

Nikaanza kujifunza. Napanda sauti tano, nashuka, napanda tena, huku nafukuza ndege kwenye mtama na mdomoni natafuna mchembe mgumu, kiazi kilichokaushwa. Vidole vilichanika, vikanuka kutu. Mama alinifukuza jikoni, akasema nawatoboa masikio. Hata mbuzi walinikimbia, wasio na adabu wale.

Ndipo wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakashindania pamba yetu, na jirani akajinunulia redio ya kaseti. Akina mama waliokuja kwetu kuchambua pamba wakaomba ailete. Sitakudanganya, nami niliifurahia, nilicheza mpaka vumbi likatimka. Lakini bibi aliacha kuimba. Hakununa wala hakumlaumu mtu, alichambua tu kimya, na ukimya ule uliniuma kuliko vidole. Nilichotaka ni kimoja: aimbe tena.

Alasiri moja betri zilichoka. Mwimbaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi, akazima kabisa. Jirani alipokwenda kuzianika betri juani, nilikimbia kuchukua galoni langu. Nikapanda zile sauti, nikashuka, nikaingia kwenye wimbo, nikakosea palepale mwanzoni.

"Hapana, mayu," bibi akasema bila kuinua macho. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii sauti yake ikaja, ya chini kwanza, halafu ikapanda, na akina mama wakaitikia kana kwamba hawakuwahi kuacha. Jirani alirudi na betri zake, akaketi, akaitikia pia. Tulipomaliza bibi aliniambia, "Wabeja, mayu," asante mwanangu, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Bibi ametangulia zamani. Galoni liliozea kwenye paa la banda la kuku, na siku hizi ukipita uani mwa watu msimu wa pamba unasikia simu tu, kila mtu na yake.

Niliporudi kutoka harusini nilinunua gitaa la dukani, zuri, lenye vyuma vilivyojaa shingo nzima. Nikatafuta wimbo wa bibi. Sauti nne zilikuja bila shida. Ya tatu ikakataa: chuma kimoja kiko chini yake kidogo, kinachofuata kimeipita. Nikavuta waya, nikabonyeza, nikahangaika, mpaka binti yangu akanionea huruma.

"Mama, hiyo noti haipo."

Ipo. Nimeiimba maisha yangu yote. Vyuma ningeweza kuving'oa na kuvipanga upya, mafundi wapo, mradi mtu awaimbie kama bibi. Lakini siku hizi nikiimba peke yangu, hata mimi sina hakika kama bado naipata.